Karafuu Kando ya Sahani

Sironga, Nyamira

Baba Moraa,

Jumamosi nilirudi kwa Mama Zuhura. Najua huamini, maana siku tulipokuzika niliapa sitakanyaga tena hoteli yoyote ya Kisii mjini. Nilikuwa na hasira nawe. Mtu akuzoeze kula vizuri, kisha ajiendee zake akuache na sahani moja!

Unakumbuka tulivyoanza? Uhuru ulikuwa bado mpya, na ndoa yetu pia. Watu walishangaa: mwanamume ana mke na jiko nyumbani, anampelekaje mkewe kula hotelini? Hukujali. Kila mwisho wa mwezi tulikwenda mjini kutafuta hoteli tusiyoijua. Ubao wa mlangoni hukuusoma. Ulikwenda moja kwa moja jikoni, ukafunua sufuria, ukanusa, wenyewe wakakufukuza. Mchuzi ukikupendeza, tuliketi. Usipokupendeza ulisema, "Hapa wanapika maji," tukasonga mbele, mimi na viatu vyangu vya kubana.

Ndivyo tulivyomgundua Mama Zuhura, nyuma ya msikiti. Mimi msichana wa Gesima, niliyekulia ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga, nilichambua karafuu zote kwenye pilau nikidhani ni takataka, nikazipanga kando ya sahani. Mama Zuhura alicheka hadi akashika ukuta. Wewe ulizichukua ukazitafuna njia nzima hadi nyumbani. Tangu siku hiyo karafuu zangu zilikuwa zako.

Na ile siku baba yako alipoingia pale ghafla! Kwetu, mkazamwana kula mbele ya baba mkwe ni aibu isiyosemeka. Nilinyakua sahani nikakimbilia jikoni, nikamalizia pilau yangu nimechuchumaa kati ya masufuria, nikikusikia unazungumza na mzee habari za majani chai huku sauti inakutetemeka kwa kicheko. Nilidhani hakuniona.

Tangu ulipokwenda, sikuweza kula. Moraa nilimpikia, mwenyewe nikabaki naangalia moto. Nguo zikaanza kunipwaya. Mama yako alinisihi, dada zangu walinifokea, chakula kikawa hakipiti. Niliogopa, Baba Moraa. Mtoto wetu ana nani mwingine nami nikianguka?

Basi Jumamosi mzee, baba yako, akasema nimsindikize mjini akanunue jembe. Alitembea mbele, mimi nyuma kwa mbali, kama inavyopasa. Dukani hatukufika. Alikata kona nyuma ya msikiti, akaingia kwa Mama Zuhura, akachagua meza ya mwisho na kuketi akiutazama ukuta. Kisha akanyoosha fimbo nyuma, bila kugeuka, akagusa kiti cha meza iliyofuata. Niliketi, tukapeana mgongo.

"Mama Zuhura," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "leta pilau ya huyu mama. Hajakula vizuri tangu tuzike kijana yangu."

Hoteli nzima ilisikia. Pilau ilipofika akaniambia polepole, kwa Kigusii chetu, "Kula, mama. Mimi sioni kitu."

Kumbe siku ile aliniona. Nilikula nikilia, na nyuma yangu nikasikia kijiko chake kikigonga sahani, kikitulia, kikigonga tena. Nadhani naye alikuwa analia. Sikugeuka kuangalia. Nilimaliza sahani yote, na jembe tukalisahau.

Mwisho wa mwezi nitampeleka Moraa Keumbu, nasikia pana hoteli mpya. Nakuahidi nitafunua sufuria kwanza, hata wakinifukuza. Na nitakula, usihangaike tena juu yangu.

Pumzika sasa, mume wangu. Karafuu za Jumamosi nilizitoa kama kawaida, nikazipanga upande wako wa meza. Kisha nikazichukua nikazitafuna mwenyewe hadi Sironga. Kumbe ni kali hivyo! Miaka yote ile, hukuwahi kuniambia.

Wako,
Mama Moraa