Mvua ya Mawe Ambayo Kompyuta Haikuiona

Dada Atieno,

Salamu kutoka Roret. Huku baridi imenivalisha soksi mbili, na ugali wao na mursik, maziwa yao ya kugandisha kwenye kibuyu, umeninenepesha.

Vile vipima mvua vya sola tulivifunga katikati ya mashamba ya chai. Mkubwa wetu akataka vitume habari kila dakika, eti wageni wanaofadhili mradi wafurahie kuangalia. Nikamwambia, "Bosi, huku jua ni la asubuhi tu. Betri zitaisha." Akanicheka.

Jana saa nane mchana betri zikaisha, vikazimika vyote. Saa tisa mvua ya mawe ikapiga shamba la Mama Chebet, mwenyeji wetu, chai ikabaki vijiti. Mkubwa, barafu bado kwenye nywele, akafungua kompyuta: "Mfumo unasema hakujanyesha."

Mama Chebet akachukua kofia ya Mkubwa, akaijaza mawe ya mvua, akamrudishia. "Basi andika hii."

Nikavipanga vile vipima vilale, viamke kutuma habari kila nusu saa tu. Leo vimefika jioni vikiwa hai. Mkubwa ameshawaandikia wageni kwamba hilo lilikuwa wazo lake. Mama Chebet naye hatachuma chai kwa wiki nyingi.

Nimekumiss, dada. Wakumbatie watoto, Mungu awalinde.

Nduguyo,
Ochieng