Karatasi Uliyobandika Mlangoni

Ni mwaka mzima sasa, Baba, tangu uweke mashine chini ukasema unajinyoosha kidogo, usiamke tena. Kinyozi uliyewakemea wateja kwa kusinzia kitini, mwishowe ukatushinda wote kwa usingizi.

Tunakumbuka taulo zako nyeupe, mluzi wako usio na wimbo, na ulivyomwambia kila mwenye upara, "Wewe nakunyoa kwa heshima tu."

Lakini tunajivunia zaidi ile karatasi.

Miaka saba Mama aliitwa tasa. Shangazi hakuchoka: "Kaka, oa mwingine." Wewe ukaenda kupimwa. Daktari akakuambia mbegu zako ni nzima, ila mirija ya kuzipitisha imeziba. Itabidi upasuliwe, iunganishwe upya. Wengine wangeaga kwamba wanasafiri. Wewe ulibandika karatasi kwenye mlango wa saluni: "Nimefunga wiki mbili. Nafanyiwa upasuaji ili nipate mtoto. Tatizo ni langu, si la mke wangu."

Shangazi akaja mbio. "Kaka, unajivua nguo barabarani!"

"Mke wangu mlimvua miaka saba, dada. Leo zamu yangu."

Daktari hakukuahidi kitu. Mama anasema ulirudi ukitembea kama mtu anayevuka dimbwi, na bado mkasubiri mwaka na nusu. Ndipo nikaja mimi, ukaniita Jibu. Shangazi alinipakata hadi jioni, akakataa kumpa mtu mwingine.

Karatasi ukaihamishia kando ya kioo. Wanaume waliisoma wakijifanya wanakagua ndevu zao, kisha wakangoja wenzao waondoke: "Fundi, hivi yule daktari wako yuko wapi?" Hukumcheka hata mmoja, wewe uliyecheka kila kitu.

Mwezi uliopita mmoja wao alimleta mwanawe wa kwanza kunyolewa. Nilimnyoa mimi, kwenye kiti chako. Upande mmoja ulipanda kuliko mwingine. Samahani Baba, bado najifunza. Baba mtu wala hakuona. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye hakuna tena wa kumwita tasa. Na dada yako, ambaye siku hizi ndiye anayeipangusa vumbi karatasi na hataki mwingine aiguse. Na mimi mwanao, Jibu. Na wateja wako wote, wenye nywele na wasio nazo.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Na karatasi haibanduki.