Kiboko Wako wa Udongo Hajavuka

Mpendwa mke mwenzangu,

Uliniita Mikayi, mke mkubwa, hata siku ulizokuwa umeninunia, kwa hiyo ninayekuandikia ni Mikayi. Sikusoma, unajua. Anayeshika kalamu ni mwalimu wa kanisa letu, na nimemkataza kupamba. Barua itasomwa Isebania, mpakani, na kuzungushwa kwenye simu, maana tangu tumzike mume wetu ukavuka kwenda Sirare, sijui nikutafute wapi.

Jambo lenyewe ni filamu yako. Kuna dada alikuja kutoka Nairobi, kazi yake ni kusafisha filamu kuukuu. Aliikuta mikebe yako kwenye stoo ya kanisa, Homa Bay. Anasema katuni ya udongo kama ile hajaiona kwingine, na inaweza kutengenezwa upya ionyeshwe tena. Lakini wenzake wanauliza: kuna mtu anayeitaka? Nikamwambia, swali hilo niachie mimi. Nikachukua kibuyu. Kila anayeitaka atie punje moja ya mahindi.

Unakumbuka ulivyomfinyanga kiboko yule kwa udongo wa mtoni? Ulimsogeza upana wa ukucha, ukapiga picha. Ukamsogeza tena, ukapiga picha. Nilidhani umerukwa na akili. Siku nilipomkanyaga, nikavunja mguu wake wa mbele, hukunipigia kelele. Ulimtengenezea mwingine, ukatoka mnene kuliko ile mitatu. Kisha ukaniambia nimsemee. "Sauti yako ni kama mlango wa ghala, Mikayi. Ndiyo ninayoitaka." Nilikasirika. Halafu nikamsemea.

Sasa sikia. Sokoni Migori, muuza mitumba mmoja mwenye mvi alisimama aliposikia, akaniita Dani, yaani nyanya. "Dani, yule kiboko wa mguu mnene? Nilikuwa hivi!" Akaonyesha gotini. Akachota konzi nzima ya punje.

"Moja," nikamwambia.

"Hizi zingine ni za watoto wangu."

"Watoto wako waliiona wapi?"

"Hawajaiona! Si ndiyo maana?"

Nikamwachia.

Kule Sori, kando ya ziwa, kina mama waliokuwa wakianika dagaa wa omena waliacha kazi wakabishana. "Alivuka ziwa." "Alizama." "Wewe ulilala, unajua nini?" Mmoja akanigeukia: "Dani, wewe ndiye ulikuwa sauti. Alivuka ama hakuvuka?"

Kila mahali ni swali hilo. Nami sina jibu, kwa sababu mwishoni kiboko hasemi kitu, na sehemu asiyosema sikuwahi kuijua. Ulikuwa umeikunja peke yake katika mkebe mdogo, ukaiacha nyumbani kwangu ulipokwenda Homa Bay kutafuta ukumbi.

Wiki hiyo ndege walikuwa wameshuka kwenye mtama wangu. Nilifungua mkebe wako, nikakata ule utepe vipande vipande, nikaufunga kwenye miti shamba zima. Uling'aa, ukalia kwa upepo. Ndege hawakurudi.

Nisikudanganye kwamba nilidhani ni takataka. Ndege walikuwa wengi, na wewe ulikuwa umesifiwa wiki nzima. Yote mawili ni kweli. Uliporudi, niliwahi shambani nikauteketeza wote kabla hujauona, nawe nikakwambia ni panya.

Kisha siku ya kuonyesha, madirisha ya ukumbi yamezibwa kwa blanketi, watoto wamejaa hadi mlangoni. Kiboko anafika kando ya ziwa, anatia mguu wake mnene majini, na shuka ya kuonyeshea inabaki nyeupe tupu. Watoto wakapiga kelele. Ukasimama mbele yao ukasema panya wamekula mwisho. Mimi nilikuwa mstari wa mbele. Nilipiga makofi.

Ukaenda ukaleta paka. Nilimlisha paka yule mpaka akafa kwa uzee, na hakuna panya aliyewahi kutukosea. Uji wa mtama ule pia uliunywa, ukasema ni mtamu.

Juzi yule dada alirudi, akatikisa kibuyu. Kimejaa mpaka shingoni. Akasema inatosha, wataisafisha. Kisha akauliza mwisho uko wapi. Ningemjibu panya. Lakini panya nimewasingizia vya kutosha, kwa hiyo nilimweleza kama nilivyokueleza hapa. Alikiweka kibuyu chini. Akasema filamu inaweza kutoka hivyo, ikiishia penye weupe, au aliyeitengeneza aje amalizie. Atasubiri hadi mavuno.

Sikuombi unisamehe. Hilo ni lako. Ninachosema ni kwamba watu wengi, wengine wana wajukuu, bado wamesimama na kiboko wako kando ya maji, na anayejua alikokwenda ni wewe tu. Mimi siwezi hata kuwadanganya.

Nilishuka mtoni nikachimba udongo pale pale ulipochimba. Nimeuweka nyumbani kwako, chini ya gunia, na kila asubuhi naumwagia maji. Nyumba nimeisiriba. Sauti yangu bado ni mlango wa ghala, ingawa ulisema pale mwishoni haihitajiki.

Njoo. Ukitaka kunitukana, nitukane, ni haki yako. Lakini nitukane ukiwa umekaa chini, mikono ikiwa kwenye udongo, kwa sababu jua la huku unalijua, na mimi kuumwagia maji kila siku nimeanza kuchoka.

Kwaheri ya aliye mlangoni,

Mikayi, mke mwenzako