Nilichomoa Kengele ya Babu Yako

Mjukuu wangu,

Tumeenda zahanati, jirani seremala ametubeba kwa gari lake. Mume wetu anapumua, usianze kulia. Wali uko kwenye sufuria ya bluu. Dirisha la nyuma nimeliacha wazi, lifunge.

Asubuhi nilitaka kupiga pasi. Soketi ni moja, basi nikachomoa ile kengele uliyomtengenezea babu yako alipopooza na sauti kumpotea. Nikasema dakika tano tu. Mara fundi cherehani akapita, na unajua tukianza maneno. Niliporudi chumbani nikamkuta ameteleza kati ya kitanda na ukuta, uso umezama kwenye mto, na kidole cha mguu bado kinabonyeza kile kitufe ulichomfungia. Sijui alibonyeza mara ngapi.

Ulisema michoro ya kengele hiyo uliipata bure mtandaoni, na walioichora wanapokea marekebisho. Waandikie leo waweke betri, kengele ikichomolewa ipige kelele yenyewe. ~~Usiwaambie ni mimi.~~ Waambie ni mkewe aliyeichomoa, ili na wenzangu waogope.

Bibi yako