Karibu Chakura

Jumamosi, 13 Desemba 1997

Mvua tena. Nimefungua sanduku, nikapanguza vitu vyangu vitatu kama kila Jumamosi. Kitambaa cha meza. Kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu. Kichana cha mbao.

Tulipofukuzwa Njoro kwenye mapigano ya kikabila miaka mitano iliyopita niliacha godoro, ng'ombe wawili na hati ya shamba. Hivi nikavibeba. Marehemu mke wangu alijua ni vya Nyokabi wa Kiganjo, niliyempenda kabla yake. Alikifua kitambaa hiki bila neno. Sikumstahili.

Kimetariziwa kwa uzi wa kijani: KARIBU CHAKURA. Nyokabi hakuweza kutenganisha r na l.

Jumanne, 16 Desemba

Barua! Naandika mbio, mwandiko huu ni aibu.

Mama mmoja wa Naro Moru anayeuza viazi sokoni ameniletea. Imetoka kwa Nyokabi. Yu hai! Miaka thelathini na sita!

Nainakili: "Salamu Mwalimu. Nimesikia uko Gatitu. Mimi niko Naro Moru, mume wangu alifariki. Nitakuja Nyeri siku ya kura. Tukutane mbele ya posta saa sita. Usichelewe."

Basi. Hakuna anwani. Nilirudi sokoni mbio nimpe mama wa viazi jibu. Ameondoka, na wenzake wanasema harudi hadi Januari. Barabara ya shambani kwake imeharibika.

Usichelewe! Mimi!

Alhamisi, 18 Desemba

Siku gani? Uchaguzi ni Jumatatu, tarehe 29. Lakini huyu ni Nyokabi. Kwake chakula ni chakura. Kura ni kula. Siku ya kula ni Krismasi, siku ya chapati na mbuzi. Isitoshe, mtu hupiga kura alikojiandikisha. Mtu wa Naro Moru atafuata nini Nyeri siku hiyo?

Nimeridhika. Krismasi. Alhamisi ijayo. Siku saba tu!

Nimenyolewa. Nimenunua rangi ya viatu. Mama Shiru, jirani yangu wa mlango wa pili anayeuza uji, ameniona nikipiga shati pasi tena.

"Mwalimu, hiyo shati utaichoma. Unaoa ama unaolewa?"

Nimecheka hadi nikakohoa.

Jumapili, 21 Desemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nikitunga maneno ya kumwambia.

Niyaandike wazi. Mwaka wa sitini na moja nilihamishiwa Njoro kufundisha. Tungeweza kuandikiana Kigikuyu. Nilimtaka aandike Kiswahili, ajifunze. Akanitumia kurasa mbili za mapenzi. Nikazisahihisha. Kila r, kila l, kwa wino mwekundu. Nikampa alama nne kwa kumi, nikamrudishia kwa posta.

Hakuandika tena.

Sitaki kuoa. Sitaki chochote. Nataka kumwomba msamaha mbele ya macho yake kabla mmoja wetu hajafa. Nafasi ni hii. Sidhani kuna nyingine.

Alhamisi, 25 Desemba. Krismasi

Nilifika saa nne asubuhi. Posta imefungwa, mji mtupu. Kila alipopita mwanamke mwenye kitambaa kichwani nilisimama.

Saa sita. Saa nane. Mvua. Saa kumi.

Hakuja.

Ijumaa, 26 Desemba

Mama Shiru aliniletea chapati tatu za jana. Nikamwonyesha barua. Nilitaka mtu anionee huruma.

"Lakini Mwalimu, si ameandika kura? Kura ni Jumatatu."

Nikamweleza habari ya r na l. Kwa kirefu. Akanisikiliza mikono kiunoni.

"Ati huyu mama anasema kura, wewe unamwambia hapana, umesema kula? Wacha mchezo."

Nikamrudishia sahani yake. Hajui anachosema. Nyokabi alibadili nia, na ana haki.

Jumatatu, 29 Desemba

Naandika kabla sijalala, viatu bado vimelowa.

Nilipiga foleni ya kura shuleni hapa Gatitu tangu asubuhi. Ndefu, haisongi. Nikaitoa barua nisome, sina kitabu. Nikaisoma kama mwalimu kwa mara ya kwanza. Salamu, sawa. Mwalimu, sawa. Alifariki! L hapa, r pale, zote mahali pake. Usichelewe, sawa. Barua nzima haina kosa hata moja.

Amejifunza. Aliandika kura akimaanisha kura. Mwenye kosa ni mimi.

Ilikuwa saa sita kasorobo. Nikatoka kwenye foleni. Sijapiga kura na sijutii. Nilikimbia! Miaka sitini na tatu, matopeni, watu wakipiga mbinja.

Nyokabi alikuwa ameketi kwenye ngazi za posta, mwavuli mkononi. Mdogo kuliko nilivyokumbuka. Akaitazama saa yangu, si uso wangu.

"Dakika ishirini, Mwalimu."

Kwa Kiswahili. Makusudi. Alijiandikisha Gatitu alipokuwa akikaa na binti yake, na asubuhi alipigia kura shule ile ile, labda hatua hamsini mbele yangu. Kiswahili alijifunzia gumbaru, shule ya watu wazima, na wazee wenzake, miaka mitatu.

Hotuba yangu yote ilipotea. Nikasema tu, "Nisamehe ile barua."

"Nililia wiki mbili. Halafu nikaolewa na mtu asiyejua kusoma. Alikuwa mtu mzuri sana." Akainuka. "Nimekusamehe kitambo. Nilitaka tu ujue naweza. Sasa nipe chai, nimelowa."

Nilimleta nyumbani. Mama Shiru alipomwona alimwaga uji. Nikamwonyesha Nyokabi vile vitu. Kitambaa alikicheka hadi machozi. Kichana, ndiyo, chake. Kikombe alikigeuzageuza.

"Hiki ni cha dada yangu. Alinipiga akidhani nimekipoteza."

Miaka thelathini na sita nimekipanguza kikombe cha shemeji asiyenipenda! Tulicheka mpaka chai ikapoa. Saa kumi nilimsindikiza stendi.

Jumatano, 31 Desemba

Mvua imepungua. Mlima umeonekana kidogo asubuhi, kisha ukafunikwa.

Nyokabi alisema viazi vyake vinaoza ardhini na mikono yake haitoshi. Hakusema nije. Aliniambia tu njia: ushukie kwa daraja, uulize.

Mama Shiru ameniazima gambuti za mumewe, buti za mpira za matopeni. Zinanibana vidoleni. Nimezivaa jioni yote, nikitembea chumbani, zilegee.