Shokapu Yangu Iko kwa Ridha

Najiba, Ridha kaniibia. Mwanangu wa kumzaa!

Unakumbuka gari langu linavyogonga mbele tangu alipoliazima na kulirudisha? Akaniambia, "Mama, ni barabara za Sfax tu."

Leo fundi Lamine kakandamiza pembe ya mbele, kulia. Gari likabaki linanesanesa. Akachungulia chini. Shokapu imelowa oili na imeota kutu.

"Hajja, hii siyo ile mpya niliyokufungia Ramadhani."

Siyo ile, Najiba! Maskini Lamine akanivutia kiti, akanimiminia chai ya lozi. Jina la mtu hakutaja.

Nikampigia Ridha.

"Nilibadilisha tu na ya gari langu, Mama. Nilikuwa na safari ndefu, na wewe unaendesha polepole."

Polepole! Na wanawe nimewabeba nyuma kila asubuhi!

Nimemwambia kuanzia kesho watapanda gari lake. Shokapu nzima iko huko.