Pikipiki Ilipotoka, Ndahani Naye

Shangazi, shikamoo. Baridi ya huku ng'ambo haina adabu, lakini mimi na mwanao tu wazima.

Jana Ndahani alishindana. Mbio zenyewe ni vichekesho: wanaume wazima, kwenye baiskeli zisizo na breki, wanafuata pikipiki ya kizee mmoja, na kuipita ni mwiko. Ikishakolea mwendo inatoka uwanjani, ndipo wanaanza kukimbizana. Sasa yule bwana mkubwa aliyetuongoza kutoka Dodoma, ambaye kazi yake ni kutueleza sheria, alimwambia mwanao, "Wewe fuata pikipiki tu," akakimbilia madukani kujinunulia deki ya video. Basi pikipiki ilipotoka, Ndahani naye akatoka. Uwanja mzima ulicheka.

Bwana mkubwa akarudi na boksi lake begani, akafoka, "Huo ndio ushamba wa kijijini kwenu Haneti!"

Ndahani akamjibu kwa upole, "Mkuu, uliniambia nifuate. Hukuniambia mpaka wapi."

Mwanao anaota ugali wa uwele na mlenda wako. Na bwana mkubwa akija hapo nyumbani kukupa pole, mpe kiti, mpe maji, kisha muulize kama deki yake inaonyesha vizuri.

Mpwa wako akupendaye,
Yona